Kungoja Giza Ili Ale

"Dada," mume wangu aliniambia, "leo kuna nini na jua hili?"

Dada ni mimi, mkewe. Alikuwa ameketi mbele ya dirisha kubwa la kioo la chumba chetu melini, mikono magotini, amevaa koti lake la dukani, akilingoja jua lizame ili ale. Nalo halikuwa na nia hiyo. Lilishuka mpaka likakaribia maji, likatambaa pembeni mwa bahari, kisha likaanza kupanda upya, na yeye akalifuata kwa macho kama alivyozoea kumfuata mteja anayepapasa kila kitambaa na hanunui hata kimoja.

"Limechelewa kidogo," nilimwambia.

"Basi tungoje. Sifungi duka watu wakiwa bado barabarani."

Nyuma yangu sahani ya wali na choroko ilikuwa imeshapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Chapati zilikuwa zimekakamaa. Tangu tuingie katika maji yale ya kaskazini ya Norwe alikuwa amekunywa maji na chai tu, na mashavu yake yalianza kubonyea. Daktari wa meli, mwanamke mpole mwenye nywele fupi, alikuwa amemwambia mwanangu Paresh kwamba mzee asipokula watatushusha bandari inayofuata, alazwe hospitali, atiliwe chakula kwa mpira. Nilimwona mume wangu katika kitanda cha ugenini, amefungwa mikono asiung'oe mpira, akiwauliza wauguzi wasiojua hata neno moja la lugha yake kama jua limezama au bado. Niliogopa sana.

Sisi Wajaini, wafuasi wa dini ya kutodhuru kiumbe chochote, tuna masharti mengi ya chakula, na mengi yake watu wa meli ile waliyajua. Hatuli nyama, samaki wala mayai. Hatuli kinachong'olewa ardhini, viazi, vitunguu, karoti, kwa sababu ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima pamoja na vidudu vinavyoishi humo. Kikundi chetu kilitoka Mumbai na mpishi wake, Maharaji Bhavarlal, aliyepanda na magunia ya unga na choroko, akapewa kona ya jiko, akaisugua kwa maji ya moto mpaka wapishi wa meli wakamuuliza kama anapika au anafanya upasuaji. Sharti lililotusumbua lilikuwa moja tu. Wengi wetu, hasa wanawake wa rika langu, jua likishazama hatuli kitu, na hata maji hatunywi. Sasa tulikuwa mahali ambapo jua halizami.

Siku ya kwanza ya mwanga ule usiokatika, watu walibishana mezani hadi chakula kikapoa. Kusumben, jirani yangu wa mtaani kwetu, Ghatkopar, alishika saa ya Mumbai: alasiri, wenzake wakinywa chai, yeye alikuwa ameshafunga kinywa mpaka kesho. Nayanbhai, kiongozi wa safari, alifuata saa ya meli. Vijana walisema kama hakuna usiku basi hakuna kosa, wakasimama kwenda kuongeza bhajia za ndizi.

"Kuleni, kuleni," Kusumben aliwaambia. "Tukifika nyumbani mtashushwa kwa winchi."

"Na wewe, Hasumati?" Nayanbhai aliniuliza. "Uko upande gani?"

"Mama yangu alinifundisha jua, hakunifundisha saa," nilisema. "Ninaloliona ndilo ninalolifuata."

Walicheka, nami nilicheka nao. Lakini maneno yaliponitoka tu, nilielewa nilichokisema, na mkono wangu ukasimama juu ya sahani. Hakukuwa na kitu cha kunifukuza mezani tena. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe ningeweza kuketi na mume wangu, yeye upande huu na mimi upande ule, tukala chakula cha jioni pamoja.

Niliolewa nikiwa msichana mwembamba mwenye mdomo mrefu. Mume wangu, Dhirajlal, alikuwa na duka la vitambaa sokoni, upande wa pili wa jiji. Alitoka asubuhi na kurudi kwa treni taa zikiwa zimeshawaka. Wenzake wenye maduka walipelekewa chakula kabla ya magharibi, wakala juu ya marobota yao ya vitambaa. Yeye alisema chakula kilichosafiri kwenye mkebe huwa na ladha ya mkebe, na kwamba dhambi ya kula usiku ataijibia mwenyewe. Kwa hiyo mimi nilikula jikoni, peke yangu, nikiharakisha kwa sababu mwanga ulikuwa unaondoka kwenye dirisha. Niliosha sahani yangu, nikasukutua kinywa, nikakaa kumngoja.

Aliingia, akavua koti, akanawa, akakaa chini. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Wanaume wa wakati wake hawakuwaita wake zao kwa majina. Aliniita "unasikia", na mimi nikamwita Baba Paresh hata kabla Paresh hajajua kutembea. Kila jioni aliniuliza swali lile lile kabla ya kutia tonge mdomoni.

"Unasikia, umekula?"

"Nimekula mapema."

Kisha akala, nami nikasimama karibu na chapati za moto, nikimwongezea kabla hajaomba. Jumapili soko lilifungwa, lakini Jumapili walikuja ndugu zake, na wanaume walitangulia kula. Maisha yetu yakapita hivyo. Sikuwahi kulalamika, na sidhani kama nilijua kwamba nina la kulalamikia. Ila mara nyingine, nikitafuna peke yangu jikoni, nilikuwa nikigeuka kumwambia mtu kwamba leo chumvi imezidi, na hapakuwa na mtu.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia mwaka ule alioliuza duka. Nilikuwa nimeshapanga: sasa yuko nyumbani, sasa tutakula jua likiwa juu. Wapi. Akilini mwake duka halikuuzwa. Mchana kutwa alikaa varandani na koti lake, akiuza. Mimi nilikuwa dada, mteja mwema anayepitapita, na chakula nilichomletea alikirudisha kwa adabu. "Asante, dada, mimi hula nyumbani." Giza lilipoingia ndipo alipovua koti, akageuka, akanitambua. Hapo tu ndipo nilipokuwa mkewe. Alikula mbele yangu, akaniuliza kama nimekula, na saa zile chache kabla ya kulala zilinitosha kuvumilia mchana mzima wa kuitwa dada.

Amefariki sasa. Alituacha msimu wa mvua wa mwaka uliofuata ile safari, kitandani mwake. Nayasimulia haya kwa sababu Paresh bado huwaambia watu kwamba melini wazazi wake walikula pamoja, na mimi humwacha aseme.

Safari ile aliipanga Paresh, kwa nia njema kabisa. Alilipa zaidi tupate chumba chenye roshani na kioo cha kutoka dari hadi sakafuni. "Baba apate mwanga, Mama," alisema. Hakufikiria, wala mimi sikufikiria. Nani kwetu angefikiria kwamba kuna mahali ambapo giza halifiki? Tulikuja kugundua tukiwa huko, mume wangu akiwa ameketi na koti lake, akiuza vitambaa siku nzima, na siku ikikataa kwisha. Hakula. Hakurudi nyumbani. Sikuitwa tena "unasikia".

Tulijaribu kila kitu. Tulivuta mapazia mazito. Mwanga ukapenya pembeni, naye akanyanyua ukingo wa pazia kwa kidole. "Bado mchana," akasema, akarudi kukaa. Paresh alimwekea sahani mapajani, akapiga magoti mbele yake.

"Baba, kula kidogo tu. Kwa ajili yangu."

"Kijana, wewe ni mtoto wa nani?" alimuuliza kwa upole. "Baba yako anajua uko sokoni muda huu?"

Paresh alitoka akaenda kusimama kwenye korido. Ni mtu mzima, ana mvi, ana watu wanaomwogopa ofisini. Nilimsikia akilia kwa kwikwi nyuma ya mlango.

Kesho yake asubuhi, meli ikiwa imebakiza siku moja kufika bandari ile ambayo daktari alituambia, nilishuka kwa Maharaji kumwomba apike khichdi laini, wali uliorojeka na choroko, kwa matumaini tu. Hakuwa jikoni. Msaidizi mmoja alinionyesha njia ya kwenda chini kabisa, ambako wanalala wapishi na wasafishaji. Maharaji alinifungulia huku akifunga vifungo vya shati, na nyuma yake sikuona kitu. Chumba kilikuwa cheusi tititi.

"Samahani, mama, nilikuwa nimejinyoosha," alisema. "Ngoja niwashe taa."

"Usiwashe. Dirisha liko wapi?"

"Huku chini nani atupe dirisha? Watu wa dirisha ni nyinyi."

Niliingia nikasimama katikati ya giza lile. Palinukia mvuje, samli na magunia ya unga, kama jiko langu la Ghatkopar. Nilimwambia ninachotaka. Maharaji alikuna shingo, akaanza kuondoa nguo zake zilizoanikwa.

Jioni ile, jioni kwa saa ya meli, Paresh alimwambia baba yake kwamba treni ya mwisho inaondoka. Mume wangu alisimama mara moja. Paresh alimteremsha kwa lifti, wakapita korido za chini zenye taa hafifu, na mimi nilikuwa ndani nikingoja. Maharaji alikuwa ameacha sahani mbili juu ya sanduku lililogeuzwa: khichdi, mchuzi wa mtindi tunaouita kadhi, chapati zilizopakwa samli, na achari ya ndimu. Taa ndogo ya simu niliifunika kwa leso. Nilizipanga sahani upya mara tatu kama bibi harusi, na nilijicheka kwa hilo.

Waligonga. Nilifungua.

"Umefika," nilisema.

Alisimama mlangoni, akavuta pumzi. Kisha akavua koti lake. "Nimefika. Umeme umekatika?"

"Mtaa mzima."

"Hawa watu wa umeme. Bili tu ndiyo haikatiki." Alinipa koti. "Unasikia, nipe maji ninawe."

Nilichukua birika. Nilikuwa nimerudishiwa mume wangu. Nilimmiminia maji, akanawa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Maharaji kana kwamba amekaa hapo kila siku ya maisha yake. Nilimpakulia. Alimega chapati, na kabla hajaitia mdomoni akainua uso.

"Umekula?"

Juu yetu, ghorofa kadhaa juu, jua lilikuwa likiwaka kwenye sitaha na watu wamevaa miwani myeusi. Sikuwa nikivunja sharti lolote. "Bado," nilisema. "Leo nimekungoja."

Niliketi mkabala naye, nikavuta ile sahani ya pili. Nilimega chapati, nikachota khichdi, nikatia mdomoni. Nilikuwa na njaa, kwa sababu siku zile zote hata mimi chakula hakikunipita vizuri. Nilitafuna taratibu. Nilitaka kumwambia kwamba chumvi imezidi kidogo, neno la kipuuzi tu, la watu wanaokula pamoja.

Alikuwa amesimamisha mkono. Alirudisha kipande chake sahanini.

"Dada," alisema, kwa ile sauti yake ya dukani. "Samahani. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Nilimeza. "Ni mimi. Mkeo. Hasumati."

Alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyesikia utani usiomfurahisha. "Hapana, dada. Mke wangu hali giza likishaingia. Hata maji. Nimemwona na homa, midomo imepasuka, nikamshikisha bilauri mkononi, akaniambia jua limezama. Mwanamke huyo humwezi."

"Labda leo amechoka kula peke yake."

Alifikiri. Aligeuzageuza kipande cha chapati sahanini.

"Siku moja nilifunga duka mapema," alisema. "Nilimdanganya karani kwamba tumbo linaniuma. Nilitaka nimkute kabla hajala. Treni ikakwama, maji ya mvua yalikuwa yamefunika reli. Nikashuka, nikatembea juu ya reli na viatu mkononi, mtu mzima, watu wananitazama. Nilipofika alikuwa anaosha sahani yake."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Ningemtia huzuni bure. Nilikaa nikala."

Sikuikumbuka siku hiyo. Nimeitafuta tangu hapo na sijaipata. Zilikuwa jioni nyingi za mvua alizoingia na suruali iliyolowa na viatu mkononi, na kila mara nilimgombeza kwa tope aliloleta sakafuni. Moja kati ya hizo ndiyo hiyo, na mimi nilikuwa nikisugua sakafu.

Alisogeza sahani mbali naye. "Sitakula kabla sijamwona. Niitie, dada. Mwambie nimefika."

Ningeweza kubisha. Ningeweza kumshika mikono, nikamwambia kila kitu, habari za duka lililouzwa, za meli, za jua la nchi hii lisilo na adabu. Nilitazama mashavu yake katika ule mwanga mdogo. Chapati yake ilikuwa bado ya moto. Nilisimama, nikachukua sahani yangu, nikatoka nje.

Paresh aliruka kutoka alipokuwa ameketi koridoni. "Mama? Vipi?"

Nilimpa sahani aishike. Nilijifuta mdomo kwa ncha ya sari, mara mbili, kisha nikajifunika kichwa kama nilivyokuwa nikijifunika zamani. Nikagonga, nikaingia.

"Umefika," nilisema.

"Unasikia." Mabega yake yalishuka. "Ulikuwa wapi? Palikuwa na mwanamke hapa, anakula gizani."

"Ni jirani. Ameshaondoka."

"Ni mpole. Lakini ana njaa, masikini. Ungempa chakula aende nacho."

"Nimempa."

"Vizuri." Alivuta sahani yake karibu, akamega chapati upya. "Na wewe, umekula?"

Lile tonge moja nilikuwa bado nalisikia kifuani. "Nimekula mapema," nilisema.

"Basi nipakulie."

Nilimpakulia. Alikula khichdi yote, akaomba kadhi nyingine, akalamba achari kwenye vidole. Nilisimama karibu yake na chapati, nikimwongezea kabla hajaomba, na kwa kuwa kulikuwa na giza nililia nilivyotaka. Alipomaliza alijilaza kwenye kitanda cha Maharaji akashika kiganja changu, na usingizi ukamchukua.

Nilipotoka, Paresh alikuwa bado ameshika ile sahani yangu. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini kama alipokuwa mtoto akisubiri majibu ya mtihani.

"Mmekula pamoja, Mama?"

"Amekula," nilimwambia. "Amemaliza yote."

Alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma, kisha akakimbilia lifti kumwambia daktari kwamba hatushuki.

Hatukushuka. Kila siku mpaka mwisho wa safari, Maharaji alituachia chumba chake, na Paresh alimleta baba yake kwa treni ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeshakula saa moja kabla, juu, kwenye meza ndogo karibu na kioo, peke yangu, jua likinipiga usoni. Nilikula mapema ili akiniuliza nimjibu kweli.